Kata Miti ya Soko

Mwaka wa 1948, pale Élisabethville, Nkandu alikuwa kapita, msimamizi wa watu sita waliotunza miti ya mji. Mijakaranda kumi na miwili ya soko la cité, mtaa wa Waafrika, aliipanda mwenyewe, akaizungushia miiba mbuzi wasiiguse, akaimwagilia kiangazi baada ya kiangazi mpaka akina mama wakapata kivuli cha kuuzia.

Asubuhi ile Bwana Deprez, mkubwa wake, alipunguza mwendo wa gari, akapaza sauti dirishani: "Nkandu! Leo kata miti ya soko. Yote!"

Kata namna gani? Kwa Kifaransa kuna maneno mawili, moja la kupunguza matawi, moja la kuangusha mti. Nkandu alijifunza yote mawili katika shule ya jioni ya mapadri. Lakini mara ya mwisho alipojaribu Kifaransa, Bwana alimkatiza: "Sema Kiswahili kama wenzako." Na kuuliza kwa Kiswahili mbele ya watu wake, kapita mzima? Tena ilisemwa kwamba soko la saruji litajengwa. Gari likaondoka.

"Tuangushe," aliwaambia watu wake bila kuwatazama.

"Baba kapita!" alilia Adolphine, muuza samaki wakavu wa Pweto. "Miti ilikukosea nini? Jua itatukaanga sisi pamoja na samaki!"

Kufika adhuhuri mitano ilikuwa chini. Deprez alirudi, akashika kichwa. "Mikono! Mi nilisema kata mikono ya miti!"

"Bwana hakusema mikono."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na kosa lake, na alilijua la mwenzake. Mwishowe Deprez akasema polepole, "Tuandike iko na mchwa. Tia sahihi."

Nkandu akatia, kwa mwandiko mzuri aliousumbukia miaka mitatu.

Siku ya nne ikaja karatasi ya ofisi kuu: kwa kuwa miti ya soko ina mchwa, ile saba iliyobaki nayo iangushwe.

"Basi angusha," alisema Deprez. "Ukienda kusema ingine, ukapita wako umekwisha. Mi sijui kitu."

Nkandu alikwenda kwa miguu hadi ofisi kuu. Alivua kofia mbele ya mkubwa wa bustani za mji, akasema Kifaransa chake chote bila kumeza neno: miti ilikuwa mizima, yeye hakuelewa amri, wala hakuuliza, karatasi ya mchwa ilikuwa uongo, na sahihi ni yake.

Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili. "Muzuri. Ile saba ibaki. Lakini wewe kapita, hapana tena."

Jumatatu Nkandu alishika ndoo ya kumwagilia, chini ya amri ya Jeannot, kapita mpya aliyefundishwa kazi na Nkandu mwenyewe. Adolphine alikuwa amesogeza meza yake, akibanana na wenzake kwenye kivuli kilichobaki.

"Jambo, mama," alisema Nkandu.

Adolphine alivuta samaki wake kando wasirukiwe na maji, akageukia mnunuzi.