Kisanduku cha Majini

Kwa mara ya tatu asubuhi ile karani wa leseni alilisukuma daftari la safari za ndege chini ya kioo, na kwa mara ya tatu rubani akalirudisha. Mori ulikwisha kumpanda. Wiki nzima alipigwa danadana kutoka dirisha hili hadi lile, na Jumatatu zahanati ya visiwani ilitaka rubani mwenye leseni mpya, la sivyo kazi ingekwenda kwa mwingine.

Leseni ya zamani ilisema ndege, basi. Hii mpya ilijaa visanduku: ndege au helikopta, injini moja au mbili, kutua nchi kavu au majini. Yeye alitaka kisanduku cha majini. Karani, mwanamume mpole wa kuudhi, alisema ndege yake imesajiliwa kuwa ya nchi kavu.

Rubani alimweleza, akijizuia asipasuke, kwamba ndege ni ile ile. Kiangazi fundi huifungia magurudumu. Ziwa likijaa huyang'oa akaweka maboya. Miaka minane sasa. Hivi mtu akivua viatu anakuwa mtu mwingine?

"Hapana, dada," karani alisema. "Ila sisi tunahesabu alichovaa siku hiyo. Nionyeshe safari moja tu uliyoandika maboya."

Rubani akalifungua daftari kwa pupa. Tarehe, namba ya ndege, saa. Kurasa nzima za mwandiko wake nadhifu, na hakuna palipotajwa maboya. Kila msimu fundi alimkumbusha, naye akamjibu kwa kicheko kwamba ndege inajua yenyewe imevaa nini. Hasira aliyomwekea karani ikamgeukia mwenyewe, na aibu ikamshika.

Karani alisema ipo njia: atahiniwe upya, kama mwanafunzi, Ijumaa. Mtahini wa majini alikuwa yule mrefu wanayemwita Ngongoti.

"Ngongoti nilimfundisha mimi," rubani alisema.

"Najua. Daftari lake limeandikwa maboya kila mstari. Anasema ulikuwa humruhusu kushuka kabla hajaandika."

Rubani akaichukua fomu ya mtihani, akaketi kwenye benchi. Swali la nne liliuliza saa alizokwisha kurusha ndege ya majini. Kalamu ilisita kwa muda mrefu. Kisha akaandika sifuri, akaizungusha vizuri, isije ikasomwa vingine.