Bajka Juu ya Kitambaa Cheupe

Hilda alikuwa akifagia manyoya. Alifagia asubuhi kabla ya chai, akafagia mchana, akafagia tena jioni, na kila alipodhani amemaliza aliona shungi jingine jeupe limejikunja chini ya kabati. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, hakuzidi mkate mkubwa wa ngano, lakini manyoya yake yangetosha kujaza mto.

Katika chumba cha pili, Erwin, mume wake, alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha watu waliochimba makaa ya mawe ujana wao wote: hakina haraka, kinaanzia mbali, kinakuja polepole, na kikifika kinakaa.

"Erwin, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Ipi?"

"Ile chungu."

"Zote ni chungu."

"Basi nimekunywa zote."

Hilda aliegemea ufagio. Mbwa alikuwa chini ya benchi la jikoni, karibu na ukuta, akimtazama bila kutikisa mkia. Jina lake lilikuwa Bajka, na maisha yake yote alikuwa jike la kuzalisha. Urszula, binamu yake Hilda, alifuga mbwa weupe wadogo katika kijiji nje ya mji, na kila mwaka Bajka alizaa, watoto wakauzwa, akazaa tena. Uzazi wa mwisho ulikuwa wa kupasuliwa, na daktari wa mifugo akasema imetosha. Kisha Urszula aliamua kuuza mabanda na kumfuata mwanawe Ujerumani. Mbwa wachanga walipata wanunuzi. Bajka hakupata.

"Nani atamtaka?" Urszula alisema kwenye simu, siku mbili baada ya Krismasi. "Meno hana, tumbo limelegea kama soksi kuukuu. Nitamwita daktari ammalize. Hatasikia kitu."

Hilda alikuwa akikata kabichi. Aliposikia neno "ammalize" alisema, "Mlete," kabla hajafikiri. Alipokata simu ndipo akafikiri. Alimlalamikia Mungu kidogo kwa kumpa mdomo mwepesi, halafu akaomba msamaha, halafu akaendelea na kabichi.

Sasa ilikuwa Januari, na daktari wa mapafu alikuwa amekwisha sema lake. "Mama, kifua cha mume wako ni kama chujio lililoziba. Na wewe unamwongezea manyoya?" Hilda aliona aibu kama mtoto wa shule. Aliahidi kwamba Jumatatu mbwa hatakuwamo nyumbani.

Alikuwa amejaribu. Kwanza alimpa mwalimu mmoja wa nyumba mpya kule juu, mwenye watoto wachangamfu. Bajka alijificha nyuma ya choo wiki nzima, akatoka usiku tu kukojoa kwenye zulia, na mwalimu akamrudisha pamoja na mfuko wa chakula ambao haujafunguliwa. Kisha alikuja mama mmoja aliyekuwa amesoma tangazo kwenye duka la mikate. Alimgeuza Bajka, akatazama chuchu zilizoning'inia, akasema, "Nilidhani mbwa. Huyu ni kiwanda kilichofungwa." Hilda alimfungulia mlango bila kumjibu, kwa kuwa angejibu lisilofaa.

Ilibaki sehemu moja tu, mabanda ya mji ya mbwa wasio na wenyewe, kule mwisho wa barabara, kwenye zege na upepo, pamoja na mbwa wakubwa wanaonyang'anyana chakula. Hakuna aliyesema Bajka angekufa huko. Wala hakuna aliyesema asingekufa. Kila usiku Hilda alishika rozari na kuomba maneno yale yale: Bwana, mtafutie kiumbe huyu mlango mmoja tu. Mara nyingi alilala kabla ya kumaliza.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mtaa wao kutembelewa na padri. Kila mwaka baada ya Krismasi padri hupita nyumba hadi nyumba kubariki, na kila mwaka wanawake wa jengo lile la matofali mekundu hugombana ni nani apige deki ngazi. Hilda alipiga deki ngazi zake na za jirani pia, ili kukwepa ugomvi. Aliondoa mezani kile kitambaa cha plastiki chenye maua, akatandika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akaweka msalaba, mishumaa miwili na bakuli la maji ya baraka. Akamfungia Bajka bafuni. Siku hiyo mbwa wote wa mtaa huwa bafuni. Padri akipanda ngazi, husikia kila mlango ukibweka kutoka ndani kabisa.

Alikuja Padri Tobiasz, kijana, mashavu mekundu kwa baridi. Nyuma yake alisimama Alojz, sakristani, mtunzaji wa kanisa, akiwa ameshika kengele. Alojz na Erwin walichimba pamoja zamani, mpaka mwamba ulipomwangukia Alojz mgongoni. Madaktari waliuunga kwa skurubu, na tangu hapo alivaa mshipi mgumu chini ya koti na kutembea wima kama mshumaa. Kuinama hakuweza. Kitu kikimwanguka nyumbani kilibaki sakafuni mpaka jirani apite.

"Amani iwe katika nyumba hii," alisema padri.

"Na kwa wote wakaao ndani yake," walijibu.

Walipofika katikati ya sala, kikohozi cha Erwin kilianza. Aliinua mkono kuomba radhi, akaenda bafuni kunywa maji. Hilda alitaka kumwita, lakini padri alikuwa amefumba macho, na mtu hawezi kupiga kelele juu ya Baba Yetu. Akasikia kitasa. Akasikia kucha ndogo zikigonga sakafu.

Bajka aliingia chumbani. Hakumtazama mtu. Alitazama meza tu, kitambaa kile cheupe. Akapanda kigoda cha miguu, akapanda kiti, akapanda meza, akapita kati ya mishumaa bila kugusa hata mmoja, na akasimama kando ya msalaba: miguu minne imenyooka, kichwa juu, mkia juu, kimya.

Padri alifumbua macho.

"Utuokoe na yule mwovu," alimalizia, polepole sana.

"Yesu na Maria," alisema Hilda. "Padri, nisamehe, sijui amepatwa na nini. Shuka! Bajka, shuka!"

Bajka hakushuka. Mlangoni mwa bafu, Erwin alikuwa akicheka na kukohoa kwa pamoja, ameshika ukuta.

"Mwacheni," alisema padri, midomo ikimcheza. "Katika mbwa wote wa jengo hili ndiye peke yake aliyesimama wima wakati wa sala." Akachovya kinyunyizio, akawanyunyizia wote maji ya baraka, na mbwa pia. Matone yalimwangukia Bajka puani. Hakupepesa.

Hapo Hilda alikumbuka meza ya Urszula. Alipokwenda kumtembelea, kila mara alikuta taulo jeupe limetandikwa juu yake. Wanunuzi wakija, taulo. Kuchana manyoya, taulo. Kupima mimba, taulo. Na kila mbwa aliyeona taulo alipanda mwenyewe na kusimama namna hiyo mpaka liondolewe. Miaka yote hiyo Bajka hakufundishwa kingine. Na hapa, mezani siku zote palikuwa na maua ya plastiki.

Alieleza hivyo kwa haraka, akiwa mwekundu mpaka masikioni. Padri aliitikia kwa kichwa, akaandika kwa chaki juu ya mlango alama ya baraka ya mwaka mpya, akauliza habari za kifua cha Erwin. Lakini Alojz alikuwa amesogea mezani. Alinyoosha mkono mbele yake, mahali ambapo mkono wake unafika bila taabu, akauweka juu ya mgongo wa mbwa.

"Anapanda mwenyewe?" aliuliza.

"Kama ulivyoona."

"Na anangoja?"

"Mpaka uondoe kitambaa."

Bado kulikuwa na nyumba nyingi. Alojz alipiga kengele yake na kumfuata padri chini ya ngazi, wima, akipapasa kila kidato kwa kisigino.

Jumapili baada ya Misa alirudi peke yake. Chini ya kwapa alikuwa na kitu kilichokunjwa ndani ya gazeti.

"Shemeji, nina swali," alimwambia Hilda pale mlangoni, kabla hata ya salamu. "Lazima kiwe kitambaa chako, au cheupe chochote kitafaa?"

Ndani ya gazeti kulikuwa na kitambaa cha meza chenye darizi pembeni, cha marehemu mkewe. Hilda aliondoa maua ya plastiki. Alikitandika. Bajka alitoa pua chini ya benchi. Alikitazama, akaitazama ile darizi asiyoijua, akarudisha pua. Kisha akatoka, akapanda kigoda, akapanda kiti, akasimama.

Alojz alitoa mfukoni brashi ya nguo na kuanza kumchana. Alichana kama mtu anayeijua kazi, kutoka shingoni kwenda chini. Bajka alifumba macho.

"Tazama," alisema Erwin kutoka kitini mwake. "Mgane amepata mchumba. Na meno hana, kama wewe."

"Angalau yeye hanywi bia yangu."

"Subiri akuzoee."

Hilda hakutaka kufurahi mapema. "Alojz, na ngazi? Haziwezi."

"Ninakaa chini. Mlango wa nyuma unatokea uani."

"Na kufunga ukanda wa shingoni?"

"Mezani."

"Chakula?"

"Mezani pia. Ninakula peke yangu, nani atanikataza?"

"Na kinyesi? Utaokotaje?"

"Shemeji," alisema Alojz kwa heshima kubwa, "nina koleo la makaa lenye mpini mrefu. Nimelishika tangu sijaota ndevu. Nikishindwa na mzigo wa huyu, nizikwe."

Erwin alicheka mpaka akahitaji maji. Hilda alimpa glasi na kumshika bega mpaka pumzi iliporudi. Alojz alingoja, akiendelea kuchana, halafu brashi ikasimama.

"Lakini kuna jambo," alisema. "Unakumbuka njiwa wangu, Erwin."

"Nani asiyewakumbuka? Walinichafulia nguo kwenye kamba."

"Nilipokuwa hospitali na huu mgongo, kila mtu alidhani mwenzake anawalisha. Niliporudi, banda lao la darini lilikuwa tupu. Tangu siku ile sijafuga hata nzi." Alimgeukia Hilda, mwili mzima kwa pamoja, kwa kuwa shingo peke yake haikugeuka. "Nikitangulia mimi, huyu asiende kwenye zege. Arudi kwako. Niahidi hilo, nami nitamchukua sasa hivi. Usiponiahidi, simchukui."

Hilda alikaa. Alikuwa amengoja mlango huu tangu Krismasi, na sasa ulikuwa wazi, na kizingitini kulikuwa na neno moja tu la kusema. Angeweza kulisema hivihivi. Watu husema. Lakini alimwona daktari mbele yake, na lile chujio lililoziba, na alijua kwamba akiahidi itabidi atimize.

"Siwezi, Alojz," alisema. "Mungu anajua ninavyotaka. Nimechoka hadi mifupani. Lakini nikiahidi nitakuwa nimekudanganya. Kifua cha Erwin hakiruhusu."

Alojz aliitikia kwa kope. Akashika pembe moja ya kitambaa cha mkewe, lakini hakukivuta, kwa sababu Bajka alikuwa bado amesimama juu yake.

"Mwahidi," alisema Erwin.

"Erwin, daktari alisema..."

"Nilikuwapo, nilimsikia. Mwahidi." Erwin alivuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Huyu bwana ana skurubu za chuma mgongoni. Mimi nina vumbi. Fikiria mwenyewe nani atatoka zamu kwanza. Siku mbwa huyo akirudi hapa, manyoya yake hayatanikohoza."

Alojz aliiachia pembe ya kitambaa.

"Ulikuwa hivyo hivyo mgodini," alisema Alojz. "Wa kwanza kwenye lifti ya kupandia."

"Na wewe wa mwisho. Ndiyo maana mwamba ulikukuta."

"Ndiyo maana."

Walitazamana, wazee wawili, mmoja hawezi kuinama na mwingine hawezi kuinuka bila kuhema, kisha wote wakamtazama Hilda. Hilda alimtazama mumewe. Alitaka kumwambia aache upuuzi, kwamba hiyo si ahadi ya kudaiwa mke. Erwin alimwinulia nyusi, kama alivyofanya siku moja walipokuwa vijana, alipomtaka acheze dansi naye na yeye akakataa.

"Naahidi," alisema Hilda.

Alimvika Bajka ukanda pale pale mezani. Alimfunga katika skafu yake ya zamani, akamweka chini ya mkono wa Alojz, na kitambaa chini ya mkono wa pili. Bajka hakupinga. Alikuwa amezoea kubebwa kupelekwa. Hilda alisimama dirishani akawaona wakivuka ua, mtu wima na kichwa kidogo cheupe kwapani, wakienda polepole kwa sababu ya barafu, mpaka wakapotea nyuma ya vibanda vya makaa.

Kisha alifungua dirisha ili nyumba ipate hewa, akafagia chini ya benchi, akafagia chini ya kabati. Erwin alilalamika kuhusu baridi. Akafunga dirisha, akamfunika blanketi hadi kidevuni, akakaa kando yake na rozari.

Alitaka kushukuru. Lilikuwa jambo la haki kushukuru, alikuwa ameomba na amepewa. Lakini kila alipoanza, ulimi ulikwenda upande mwingine, akajikuta anauombea mgongo wa Alojz udumu, na mapafu haya ya hapa kando yake nayo yadumu, yote miaka mingi, pasiwe na wa kwanza. Aliliomba hilo tena na tena, akijua kwamba haliwezekani. Erwin alikohoa usingizini. Hilda alingoja kikohozi kipite, kikapita, akasogeza ushanga mmoja.