Kitanda cha Assia

Zoubeida hakuwa ameketi tangu alfajiri. Mara yuko dirishani, mara yuko ukumbini, tasbihi mkononi, midomo inakwenda. Mutsamudu nzima ilikuwa ikifagiwa. Rais wa nchi ya ng'ambo, aliyekuja kutafuta urafiki na kununua karafuu, alilala Moroni. Leo anashuka bandarini hapa kutia saini mkataba, kisha apumzike adhuhuri katika nyumba nzuri kuliko zote mjini. Nyumba hiyo, wamesema wakubwa, ni ya Zoubeida.

Nani aliwaambia? Mkwewe mwenyewe. Charif, karani wa itifaki huko Moroni, aliulizwa mbele ya wenzake, na mwanamume gani wa visiwa hivi atasifu nyumba ya watu aiache ya mkewe?

Mke, ndiyo, Assia binti wa Zoubeida; nikaha ilifungwa Rajabu. Ila Charif hajaingizwa nyumbani, na kabla ya siku hiyo havuki kizingiti. Miaka tisa mjane huyu alishona, akapaka chokaa, akanunua kitanda cha msaji kwa ajili ya siku ya kumwingiza bwana harusi: wiki mbili zijazo, kwa ngoma, joho na ng'ombe. Wa kwanza kulala pale ni mume wa Assia. Akitangulia mwingine, hata awe mfalme, mji utamsema binti huyo hadi kaburini.

"Mdomo wa mkweo huo," jirani yake Kalathoumi alisema, "ungekuwa mlango ungetiwa komeo."

Saa nne gari la jeshi likasimama mwanzo wa uchochoro. Akashuka Kapteni, mmoja wa wale mamluki wa Kizungu walioishika nchi tangu mwaka wa sabini na nane. Nyuma yake Charif, jalada kwapani, shati limemganda mgongoni. Kapteni akasema jambo kwa Kifaransa.

"Anataka niingie nikague chumba, mama." Charif hakuvuka kizingiti. "Sema ufunguo umepotea, nimtafsirie."

"Niseme uongo na tasbihi mkononi?"

Alimtazama Kapteni. Huyu ana mke huko Mirontsy, mji jirani, amekula harusi za watu, mila anazijua. Zoubeida akaona njia moja tu, nayo ilimchoma.

"Kalathoumi, piga kigelegele. Bwana harusi anaingia."

"Leo? Bila joho? Bila ng'ombe?"

"Piga!"

Kigelegele kikapanda, kikajibiwa dirisha kwa dirisha. Charif alimwangalia Kapteni, akamwangalia mkwewe, akainua mguu mwenyewe, akaingia.

"Sasa mwambie: aliyeingia hatoki mpaka fungate iishe. Siku saba. Chumba kina mwenyewe."

Charif akatafsiri kutoka ndani. Kapteni akawa mwekundu. Akatazama madirisha yaliyojaa wanawake. Siku ya mgeni, mayowe hakuyataka. Bandarini mzinga wa kumpokea mgeni ukalia. Akatukana, akampokonya Charif jalada, akaenda.

"Na kazi yangu, mama?"

Zoubeida akamwonyesha mlango wa chumbani. Harusi kubwa ndiyo imekwisha hivyo, bila wazee kuketi, bila jina lake kuimbwa. Chumbani Assia alicheka, kisha akalia. Mama mtu alibaki amesimama mlangoni, akisikiliza kila kiatu kilichokuja uchochoroni, kama ni buti la askari, mpaka kipite.