Krimu ya Mwoka Mikate

Mwoka mikate alikaa kwenye kiti cha kliniki, akamwelekezea daktari uso. Madoa ya kahawia yaliyomtoka mashavuni alipokuwa mjamzito yalikuwa yamezidi kukolea, ingawa krimu aliyopewa na daktari aliipaka bila kukosa. Leo alikuja kupigwa mwanga wa leza wa kuyafifisha, na wifi yake alimsindikiza.

“Anavyoipaka, daktari, utadhani siagi,” wifi alisema. “Kaka yangu ameoa mkate.”

“Hebu nyamaza, wifi. Daktari, uliniambia nipake usiku, na usiku ndio ninapaka.”

“Halafu unalala?”

“Nalala wapi? Nakwenda kazini. Nasimama mbele ya tanuri mpaka kunakucha, narudi nyumbani na jua langu usoni.”

Daktari akaweka kalamu chini.

“Hapo nimeteleza mimi, mama. Sikukuuliza kazi yako. Joto linayachochea madoa, na krimu ile haipatani na jua. Leo leza sikupigi. Ngozi iliyochokozwa hivi ikipigwa itazidi kuwa nyeusi. Paka unapokwenda kulala, ioshe ukiamka, na kabla ya kutoka kazini paka krimu nyingine, ya kuzuia jua. Ngozi ikitulia, tutaanza na mwanga mdogo.”

Machozi yalimlengalenga mwoka mikate. Wifi akamshika mkono.

“Wewe unayengoja unga uumuke kila siku, shavu ndilo linalokushinda kungoja?”

Akacheka bila kupenda.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa kali. Alinawa, akapaka krimu kidogo, akafunga mapazia. Mwanawe alipokuja kugonga mlango, alimsikia wifi akimzuia.

“Mwache mama yako. Kwake sasa ni usiku.”