Ukoko wa Mgeni

...na sasa kizee hiki kinamnyooshea ukoko, yeye Theuri, fundi wa jiko hili, ukoko wa chini ya sufuria, mweusi, kwenye sahani ya maua, mchana kweupe, mbele ya watu wote mezani, na mkono haurudi, wali mweupe wamejipakulia wakubwa, yeye apewe kilichoungua, kama mbwa, kama baba yake Ngatia aliyempikia mzungu wa Naro Moru miaka kumi na moja akila makoko amesimama nje ya mlango, asante bwana, asante bwana, na Theuri, mtoto wa miaka saba, akaapa yeye hatakula ukoko wa mtu, na huu ni mwaka wa kumi wa uhuru, jamani... "Theuri, chukua basi," Mama Mahin akasema, mke wa daktari wa ng'ombe, huyuhuyu aliyemwambia wiki sita zilizopita, mama yangu anakuja kutoka Shiraz, hajui Kiswahili, mtashinda naye jikoni, jifunze Kiajemi, na Theuri, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wanamchelewesha, akajifunza, lugha gani hii, wanakutajia kitunguu kwanza, piyaz ra, halafu wanakuacha na kisu mkononi unangoja, umenye, utupe, ukibusu, mpaka mwisho ndio wanakumbuka, khord kon, kata vipande, berenj ra beshur, osha mchele, namak kam ast, chumvi ni kidogo, akayameza yote, akayamwaga sokoni Nanyuki mpaka Yarrow muuza mbuzi akamwita profesa, na leo profesa analishwa makoko, atavua aproni, ataitupa juu ya sahani hiyohiyo, kesho yuko Naro Moru anabeba mizigo ya wapanda mlima, afadhali mgongo uume... "Ati profesa, umeganda?" Wachuka akacheka, yaya huyu, mtoto mapajani, "kama hutaki, pitisha hiyo kitu kwangu," hana hata haya, na kizee kikafungua kinywa, polepole, kama anayemsomesha mtoto, tahdig mal-e mehman ast, na hiyo Theuri anaijua, sentensi ya kumi na nne, aliiandika daftarini, akaiimba siku tatu akisugua sufuria, ukoko ni mali ya mgeni, akaicheka, mambo ya vitabu, nani ampe mgeni ukoko, nani... daktari hana ukoko, Mama Mahin hana, watoto wanaukodolea macho wakimeza mate, kipande ni kimoja tu, wala si cheusi, ni rangi ya asali, macho gani haya aliyokuwa akitazamia, mjinga, profesa wa mbuzi, na anatafuta neno, kichwa kizima kimejaa osha, menya, kata, ongeza chumvi, neno la asante alifundishwa siku ya kwanza kabisa akaliruka makusudi, akisema baba yake alishalisema la kuwatosha wote wawili, na sahani ingali hewani, na mkono wa bibi haurudi...