Asionekane Mkali

Kwenye duka la uchapaji walimwita Miwani, ingawa hakuwahi kuvaa miwani. Ni vile alivyokuwa akisogelea skrini hadi pua ikaribie kuigusa. Asubuhi hiyo alikuwa na picha moja tu ya kuchapa: ya marehemu mwalimu mkuu, yenye kimo cha mita mbili, ya kutundikwa ukumbini shuleni saa nane mchana. Mjane aliketi nyuma yake, mkoba mapajani. Mdogo wa marehemu aliegemea mlango.

"Kwanza naikuza ifike kimo chake," Miwani alisema kwa sauti ndogo. "Mwisho naiongezea ukali."

Mjane akashtuka. "Ukali wa nini? Mume wangu hakuwa mkali."

"Kaka?" Mdogo wa marehemu akaangua kicheko. "Shemeji, wee! Alinifundisha darasa la saba. Akiingia, ungesikia nzi akitua."

"Huko kwenu shuleni. Nyumbani hapana."

Masikio yakamwaka moto Miwani. Akaeleza kwamba wino hutanuka kidogo ukishagusa karatasi, kwa hiyo picha iliyo sawa kwenye skrini hutoka imefifia. Ukali ni kukaza kingo tu, za kope, za nywele, za kola. Mjane aliitikia kwa kichwa, lakini mkoba aliukumbatia.

Kipande cha majaribio kikatoka, kutoka nywele hadi kola, kwa ukubwa ule ule wa mwisho. Wakakibandika ukutani, wakarudi nyuma hatua tano. Ndevu zilihesabika. Kola ilikaa kama imepigwa pasi sasa hivi. Lakini katikati ya nyusi, mikunjo miwili ambayo kwenye skrini haikuonekana sana ilikuwa imechimbika kama mifereji, na marehemu akawakazia macho.

"Huyo sasa ndiye kaka!" akasema mdogo wa marehemu. "Hata hesabu nilizozikimbia nimezikumbuka."

Mjane hakucheka. "Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili baba yake alipofariki. Atamjua kwa picha hii."

Kupunguza ukali wote kungefifisha picha nzima. Miwani akarudi kitini. Akauacha machoni, kwenye ndevu na kwenye kola; kwenye paji la uso akaufuta kwa brashi laini, polepole, kama anayempangusa mtu jasho. Mikunjo hakuiondoa. Ilikuwa ya mwenyewe. Hakuikaza tu.

Kipande cha pili kilipobandikwa, mdogo wa marehemu aliinamisha kichwa upande huu, kisha ule.

"Macho yake. Ndevu zake. Lakini mtu huyu simjui."

"Utamjuaje? Wewe ulimkuta akiwa na chaki mkononi." Mjane aliusogelea ukuta, akarudi tena nyuma, akatazama kwa muda. "Mimi namjua. Chapa, mwanangu."

Miwani akabonyeza. Mashine ikaanza na nywele, mstari kwa mstari. Ilipofika kwenye nyusi, mdogo wa marehemu alikuwa ameshaacha mlango, amekuja kusimama karibu.