Siku Tatu Kutoka Silani

Dada yangu Nyevu hakuwa mjinga, ingawa ukoo mzima wa mumewe ulimwita hivyo mwaka ule vita vya pili vya dunia vikielekea mwisho. Kama mjinga lazima apatikane, basi ni jirani yetu Musyoka, aliyekuwa akibingirisha mapipa ya petroli kule Kipevu, ndege zinakotua juu ya maji ya bahari. Yeye ndiye aliyesema kwamba kutoka kisiwa cha Silani, ng'ambo ya bahari, hadi Mombasa ni siku tatu tu: ndege inalala Maldivi, inalala Shelisheli, kisha imefika.

Aliyasema hayo asubuhi shemeji yangu Ngowa alipokata roho nyumbani kwake Magongo. Mwanawe wa pekee, Tsofa, alikuwa askari huko Silani, na kwetu mchanga wa kwanza kaburini humwagwa na mtoto wa kiume. Nyevu akapeleka simu ya maandishi jeshini, akaketi mlangoni mwa chumba alimolazwa marehemu, akakataa katakata kaburi lichimbwe.

"Meli huchukua majuma, lakini ndege ni siku tatu," alituambia. "Mwanangu atamzika babake."

Nani angempa askari mweusi kiti katika ndege ya maafisa? Hilo hakuna aliyelisema, hata mimi, maana moyoni nilitamani liwe kweli.

Joto la Machi halina huruma. Siku ya pili tulifukiza ubani tukanyunyiza chumvi. Siku ya tatu waombolezaji walihamia upande unakotoka upepo, na Randu, kakake marehemu, akamtukana Nyevu mbele ya watu.

"Wamwozesha ndugu yangu kama samaki, mwanamke wewe!"

Nyevu alikinga macho kwa kiganja. Alikuwa akitazama juu.

Alasiri ndege ikaja kweli, ikapita juu ya mapaa yetu ikiteremka Kipevu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Nyevu akanawa uso, akabadili leso, akainjika chungu cha wali.

Musyoka alirudi jioni peke yake. Ndege ilileta mifuko ya barua na maafisa wa Kizungu, basi.

"Zikeni," Nyevu akasema. Mchanga wa kwanza aliumwaga yeye, watu wameziba pua.

Tsofa aliletwa na meli baada ya masika. Hakuvua hata buti.

"Niliomba ndege wakanicheka," alisema. "Lakini nilijua mtajaribu kuningoja. Baba mlimweka siku ngapi?"

Nilimtazama Randu nikidhani atasema kweli, yeye aliyepiga kelele zote zile. Akakohoa.

"Babako alizikwa siku ile ile, mwanangu. Kwa heshima zake zote."

Nilimwelewa, na nilimchukia. Hakutaka kijana ajue kwamba babake alinuka. Nikafungua kinywa, dada akanibana mkono hadi kucha zikaniingia.

Tsofa akamgeukia. "Ni kweli, mama? Hata siku moja hukuningoja?"

"Ni kweli," Nyevu akasema. "Jua lilikuwa kali."

Kijana alimtazama usoni kama anayemtafuta mtu mwingine. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda kulala kwa Randu.